Pete Iliyozibwa Mgongo

Sehemu ya Tisa

Jiwe halikutoka.

Chausiku alikipindua kile kikombe cha fedha akakigonga mezani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba. Halikutoka. Akakipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Halikutoka. Akatafuna jojo, akaibandika juu ya jiwe, akavuta. Jojo ikaja peke yake.

"Toka basi!" akafoka. "Toka, we mwanaharamu!"

Najua unachotaka kuniambia, msomaji. Wiki nzima simu yangu haijapumua. Kuna mama mmoja wa Mpale ameniandikia maneno matatu tu, bila salamu: "Uzi uko wapi?" Mama, usinigombeze mimi. Mimi ni mwandishi, sishiki koleo.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nitaeleza mara moja na sirudii. Fundi sonara anayetaka kupachika jiwe la mviringo hukata ukanda mwembamba wa fedha, akauzungusha kwenye kiuno cha jiwe, akaunga ncha zake kwa moto, kisha akaukalisha juu ya kibati cha fedha. Hapo amepata kikombe. Jiwe huingia ndani, na ukingo wa kikombe husukumwa kidogo kidogo mpaka ulale juu ya mabega ya jiwe na kulikumbatia. Lakini kabla ya kusukuma lazima ujaribu kama linaingia sawasawa. Na ukijaribu, unatanguliza uzi chini yake, ncha mbili zining'inie nje, ili uvute jiwe litoke. Mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua hilo. Na Korogwe hii, uzi wa katani mtu anauokota njiani.

Chausiku ana miaka kumi na sita kwenye kazi, na aliusahau.

Msimcheke. Kikombe hicho kilikuwa cha nne. Cha kwanza kilikuwa kipana, jiwe likacheza ndani kama jino bovu. Cha pili ukingo ulikuwa mfupi, haukufika mabegani. Cha tatu kiungo kiliachia kwenye moto, mtungi wa gesi nao ukaisha palepale, na umeme wa mtaa mzima wa Manundu ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Alipokipata cha nne kikiwa sawasawa, alifurahi kama mjinga, akalidondosha jiwe ndani. Likaingia kwa mlio mdogo, tk, likakaa. Ndipo alipouona uzi umelala pembeni ya koleo.

"Nilikwambia ulirudishe jiwe hilo," baba yake akasema kutoka kwenye kona.

Mzee Mhina alikuwa amekaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi, mikono yake inayotetemeka akiwa ameibana katikati ya magoti. Wiki nzima wimbo wake ulikuwa huohuo. Rudisha jiwe. Rudisha jiwe.

"Baba, leo nihurumie."

"Kazi hii sikutaka uipokee."

"Nimeshaipokea!"

"Basi umeyataka."

Jiwe hilo jekundu la machimbo ya Kalalani, ukubwa wa punje ya hindi, liliwahi kuwa na pacha wake. Miaka kumi na tisa iliyopita, kule Handeni, Mzee Mhina alimpachikia pacha huyo mama mmoja aitwaye Bi Mwanaisha. Bi Mwanaisha alipoletewa pete yake, alisema jiwe limebadilishwa. Alisema mbele ya soko zima. Mzee Mhina akaitwa mwizi, akafunga karakana, akahamia Korogwe na mkewe aliyemkimbia mwaka uleule na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyebaki naye. Mtoto huyo ndiye Chausiku. Na Jumatatu hii alipojua kwamba jiwe la pili aliloletewa ni la Bi Mwanaisha huyohuyo, aliapa kulipachika vizuri mpaka yule mama amwombe baba yake radhi.

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Baba yake aitwe fundi tena, siyo mwizi.

"Hodi humu!"

Mlango wa bati ukasukumwa. Aliyetangulia ni Awadhi, yule kijana anayeuza vifuniko vya simu pale njia panda ya Segera, bwana harusi wa kesho. Ndiye aliyelileta jiwe wiki mbili zilizopita, bila kujua anampelekea nani. Nyuma yake akaingia mwanamke mrefu, mweusi, amejifunga khanga mbili, jasho linamtiririka kwa safari ya kutoka Handeni.

"Shikamoo bibi," Chausiku akasema, akikificha kikombe kiganjani.

"Marahaba. Jiwe langu liko..."

Bi Mwanaisha hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kona.

Mashine ya kushonea ya jirani ikasikika ikikereza, ikanyamaza.

"Kumbe upo hai," Bi Mwanaisha akasema.

"Nipo, Bi Mwanaisha."

"Awadhi!" Akamgeukia kijana kwa ghadhabu. "Umenipelekea jiwe la marehemu kwa mtu huyu?"

"Bibi, mimi nilimpa huyu dada. Haki ya Mungu, huyu mzee hata sikumwona."

"Hukumwona! Na wewe ndiye nikupe mjukuu wangu! Hujui hata kuuliza fundi ni mtoto wa nani?"

"Bibi, kazi nimeifanya mimi," Chausiku akaingilia. "Kwa mkono wangu. Baba hajaligusa."

"Basi nipe nilione."

"Bado halijakamilika. Nipe dakika..."

"Nipe!"

Ungefanyaje, msomaji? Chausiku alifungua kiganja.

Bi Mwanaisha alikichukua kikombe kwa vidole viwili. Akakiinua karibu na jicho. Akakishusha. Akakiinua tena. Kisha akatoa cheko fupi, kavu, lisilo na furaha hata chembe.

"Hiki ni nini?"

"Jiwe lako, bibi."

"Jiwe langu ni jekundu. Nimelifunga kwenye upindo wa khanga miaka kumi na tisa, nalijua kuliko ninavyowajua wajukuu zangu. Hili ni jeusi."

"Bibi, angalia vizuri..."

"Angalia wewe!"

Chausiku akakichukua, akasogea mlangoni kwenye jua. Akatazama.

Lilikuwa jeusi.

Siyo jeusi kidogo. Jeusi kama kaa lililomwagiwa maji. Tangu asubuhi alikuwa akipigana na ukingo, akipima urefu, akisaga kwa msasa, akitukana. Jiwe lenyewe hakulitazama rangi hata mara moja. Mezani liliingia jekundu. Sasa limelala ndani ya kikombe, jeusi, na mwenyewe hajui kwa nini.

"Mmenibadilishia tena!" Bi Mwanaisha akapiga kelele. "Wallahi, baba alininyang'anya la kwanza na mtoto ananinyang'anya la pili! Enyi watu!"

Watu hawahitaji kuitwa mara mbili, hasa saa ya mchana umeme ukiwa umekatika. Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni. Vijana wa bodaboda wakaja. Mama muuza maandazi akaacha karai lake likilia mafuta, akaja.

"Awadhi, piga simu polisi."

"Bibi, tusubiri kidogo..."

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa namwoza Maryamu, na kidoleni nimvishe makaa? Piga simu, nimesema!"

Chausiku alitamani kulia, kutukana, na kuvunja kitu, vyote kwa pamoja. Miaka kumi na tisa amesubiri siku ya kulisafisha jina la baba yake, na siku yenyewe imekuja na kikombe cha nne, jiwe lililokwama, uzi uliosahaulika, na umati unaonusa damu. Akaugeukia umati.

"Sijabadilisha kitu! Jiwe limekwama humu ndani, haliwezi kutoka. Nitalitoa mbele yenu, bibi alishike mkononi, aseme kama si lake."

"Utalitoaje kama limekwama?" fundi cherehani akauliza.

Swali zuri. Jibu lilikuwa moja tu, na Chausiku hakulipenda. Kulitoboa lile bati la nyuma kwa keekee, kisha kulisukuma jiwe kwa njiti litokee mbele.

"Nitatoboa mgongo," akasema.

Mzee Mhina alisimama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hutoboi!"

"Baba, hakuna njia nyingine."

"Nimekufundisha nini mimi? Mgongo wa pete unazibwa! Pete yenye tundu nyuma ni ya fundi mwizi!"

Hapo nieleze tena, maana wasomaji wa mbali watashangaa. Kwa masonara wa zamani wa Handeni, mteja alikuwa akiipokea pete, anaiweka kiganjani, anaipima kwa kuirusharusha. Ikiwa nyepesi, fundi amekula fedha. Akiigeuza nyuma na kuona tundu, amepata ushahidi. Kwa hiyo fundi mwaminifu aliziba mgongo kwa bati zima, zito, mteja aone kwamba hakuibiwa hata unga. Mzee Mhina alimlea binti yake kwenye sheria hiyo, na nyingine moja: tangu wahame Handeni, jiwe jekundu lilikuwa marufuku kuingia karakana yao. Chausiku alikuwa amepachika mawe meupe, ya bluu, ya maji ya bahari. Jekundu zito kama hili, hajawahi.

"Mwizi nimeshaitwa," Chausiku akamjibu baba yake. "Sasa tundu litaniongezea nini?"

Akachukua keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa vidole, maana ya umeme ilikuwa pambo tu siku hiyo. Akakigeuza kikombe kifudifudi juu ya kipande cha ngozi. Akaweka alama katikati ya bati.

"Ukilipasua?" Bi Mwanaisha akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Si umesema si lako?"



Keekee ikaanza kula fedha. Nyuzi ndogo zinazong'aa zikajikunja pembeni ya ncha. Chausiku alizungusha, akapuliza, akazungusha. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alijua kwamba akikandamiza kidogo tu zaidi, ncha itatumbukia kwa kishindo na jiwe litapata ufa, na ufa ule ndio utakaokuwa kaburi la jina la baba yake. Alijua pia kwamba asipokandamiza, watakaa pale mpaka Idi.

"Taratibu," Awadhi akanong'ona.

"Ukisema neno tena, utakuja kuzungusha wewe."

Tundu likapenya. Ncha ikaligusa jiwe, ikateleza. Chausiku akasimama. Akazungusha tena kwa nguvu nyepesi kama unyoya, ncha ikateleza vilevile, chuma kikipita juu ya jiwe bila kuacha alama. Akashusha pumzi. Jiwe la Kalalani haliliwi na keekee ya chuma, hilo kila sonara analijua. Akaichomoa, akakiinua kikombe juu kwenye mwanga wa mlango ili aangalie kama kuna ufa.

Mama muuza maandazi ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza.

Jiwe lilikuwa limewaka.

Jekundu! Jekundu la damu ya kuku, katikati kabisa, pale tundu lilipoingiza mwanga kutoka nyuma. Chausiku akakitazama, akaweka kidole kwenye tundu. Jiwe likazima, likawa jeusi. Akakiondoa kidole. Likawaka. Akafanya hivyo mara tatu, kama mtoto na swichi ya taa, na kila mara watu wakasema "Aaah!"

"Mwanga," akasema taratibu. "Ni mwanga tu. Hili jiwe rangi yake ni nzito, likizibwa nyuma linakosa pa kupumulia. Bibi! Hakuna aliyelibadilisha. Ni mgongo!"

Akachukua njiti, akaipitisha tunduni, akasukuma. Tk. Jiwe likaruka likaangukia kwenye kiganja cha Bi Mwanaisha.

Yule mama alilishika, akaligeuza, akalipeleka mdomoni akaligusa kwa ulimi kama mtu anayeonja chumvi. Akatafuta pa kukaa. Fundi cherehani akamsogezea kiti.

"Ni lenyewe," akasema. "Ni la marehemu Mbaruku wangu."

"Na lile la kwanza, bibi?" Chausiku akauliza. "Ulisema liliingia jekundu, likatoka jeusi."

"Ndivyo nilivyosema."

"Baba aliziba mgongo. Aliuziba kwa uaminifu, ili usiseme ameiba fedha. Na kwa kuziba, ukasema ameiba jiwe."

Bi Mwanaisha aliinua uso akamtazama Mzee Mhina. Na hapo, msomaji, likatokea jambo ambalo mimi sikulitarajia kwa mwanamke yule. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vumbi la fedha na mkaa.

"Mhina, nimekula nyama yako miaka kumi na tisa. Nimekusema sokoni, nimekusema kwenye maulidi, nimekusema kwenye misiba. Mke wako alikimbia kwa mdomo wangu. Nisamehe kabla sijafa."

Watu wakasema "Allahu akbar." Mama muuza maandazi akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Awadhi akalia waziwazi, bila aibu, na ninyi wasichana wa Segera mnaomtania pale njia panda mjue kwamba ana moyo mzuri.

Chausiku alimgeukia baba yake. Alitaka kumwona akinyanyua kichwa. Alikuwa ameshaichora sura hiyo akilini mara elfu: mzee anasimama wima, anacheka, anasema sasa mmeona.

Mzee Mhina hakucheka.

"Yamekwisha," akasema haraka. "Nimekusamehe. Inuka, mama, nendeni mkaoze. Mabasi ya Handeni yatawaacha."

"Baba!"

"Nini? Nimemsamehe. Mnataka nicheze ngoma?"

Chausiku alihisi hasira inampanda upya. Huyu mzee ana nini? Miaka yote analalamika, anakataa kula, anawakimbia watu wa Handeni hata stendi, leo ameletewa radhi mpaka miguuni na anafukuza watu kama kuku! Lakini akajikaza. Aibu, akajiambia. Mtu aliyezoea kuinama hawezi kunyooka kwa siku moja.

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama. Alikuwa anafungua fundo la khanga yake kiunoni.

"Hata mimi sitalala hivihivi," akasema. "Kosa langu nililitangaza, na radhi yangu nitaitangaza. Chukua."

Akaweka kitu mezani. Pete ya fedha, nzito, ukingo wake umesawijika kwa uzee, na katikati yake jiwe jeusi.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Nilimtengenezea binti yangu Ikram, mama yake Maryamu. Hakuivaa hata siku moja. Nimetembea nayo miaka yote hii kama ushahidi, nikiwaonyesha watu, tazameni alivyonifanyia Mhina. Sasa itoboe, mwanangu. Iwake. Kesho mama na mtoto wavae pamoja, na mimi niwaambie watu wote wa Handeni kwamba nilikosea."

Vigelegele vikapigwa. Chausiku akaichukua pete kwa mikono miwili. Hakuamini. Hakuwa ameomba zawadi kubwa kiasi hicho. Akaigeuza nyuma, akaona bati zito, laini, lililozibwa vizuri, kazi ya mikono ya baba yake ilipokuwa bado haitetemeki.

"Haina haja," Mzee Mhina akasema.

"Nini?"

"Haina haja ya kutoboa. Wameshaona kwa hilo jingine. Inatosha."

"Baba, dakika kumi tu."

"Fedha ya zamani hiyo, itapasuka."

"Haipasuki. Nimeigusa, ni nzima."

"Keekee yako imechoka. Ncha imekufa. Fanya wiki ijayo."

"Harusi ni kesho, babu," Awadhi akasema.

"Wewe nyamaza! Nani amekuuliza?" Mzee Mhina akasogea mezani, akanyoosha mkono kutaka kuichukua pete. "Lete hapa. Nitaitoboa mimi mwenyewe, polepole, siku nyingine."

"Kwa mikono hiyo?"

Maneno yalimtoka Chausiku kabla hajayazuia. Na alipoona mkono wa baba yake umebaki hewani, unatetemeka, hakujuta kama alivyopaswa kujuta. Alichoka. Alichoka mpaka kwenye mifupa.

"Sikiliza, baba. Nilipofika shule hapa Korogwe, wiki ya pili tu, watoto walikuwa wameshajua. Mtoto wa mwizi wa jiwe. Kalamu ikipotea, napekuliwa mimi. Nimeposwa mara mbili, mara mbili wakwe wakaenda kuuliza Handeni, hawakurudi. Nilijifunza kazi hii kwa sababu yako. Nilikata vikombe vinne leo kwa sababu yako! Na leo, mbele ya watu wote hawa, aliyekutukana ameleta mwenyewe pete akisema itoboe, na unaniambia fanya wiki ijayo? Unaogopa nini? Kuwa mtu safi?"

"Chausiku."

"Nitaitoboa."

"Chausiku, mwanangu, nakuomba."

Hilo lilimsimamisha kidogo, maana baba yake hakuwahi kumwomba kitu. Huwa anaamuru. Lakini hasira ina masikio yake yenyewe, na yake yalikuwa yamezibwa. Aliilaza pete kifudifudi kwenye ngozi, akaibana kwa kidole gumba, akaweka ncha katikati ya bati.

Keekee ikala fedha. Bati hili lilikuwa nene kuliko la kwanza, mara mbili yake. Watu walisogea, wakaziba mwanga, akawafokea, wakarudi nyuma. Mzee Mhina alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na meza ilikuwa inatetemeka naye.

"Usitikise, baba."

Meza iliendelea kutikisika.

Bati likapenya. Chausiku alilisikia kwenye vidole, ule ulegevu wa ghafla fedha inapokwisha. Akasubiri ncha iguse jiwe iteleze.

Haikuteleza.

Akazungusha kidogo. Ncha ikashika. Akazungusha tena, bila kukandamiza, na keekee ikazama kwa urahisi, kama imeingia kwenye sabuni. Akaichomoa mbio. Kwenye mikunjo ya ncha kulikuwa na unga. Unga mwekundu, laini, ulioganda. Akaugusa kwa kidole, ukanata. Ulinukia kama ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na moto.

Alibaki ameushika unga ule hewani. Fundi cherehani akainama kuutazama, akanyoosha mgongo, akaondoka. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Ni nini hicho?"

Bi Mwanaisha hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Alivuta kiti, akaketi mbele ya Mzee Mhina, magoti yakikaribia kugusana, akasema kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Mhina. Jiwe la binti yangu liko wapi?"

Chausiku akamtazama baba yake, akisubiri. Alilijua jibu. Miaka kumi na tisa amelisikia, asubuhi na jioni, kwa hasira na kwa machozi: sikuiba, Mungu ni shahidi wangu, sikuiba. Angeweza kulisema pamoja naye neno kwa neno. Akasubiri alikane jambo hili, na yeye yupo tayari kumwamini, hata sasa, hata na unga ule kidoleni.

Mzee Mhina hakukana.

Aliachia ukingo wa meza. Akainua mkono wa kulia, ule unaotetemeka zaidi, akanyoosha kidole. Kidole kikapita usoni kwa Bi Mwanaisha, kikampita Awadhi, kikampita mama muuza maandazi, kikafika upande wa pili wa meza kikasimama hapo.

"Analo huyu," akasema.

Chausiku akageuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine amesimama. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa ukuta.